Pikipiki Iliyozima Mlangoni kwa Subilaga

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi tu, kabla barabara ya Lupoto haijamwagwa kokoto, aliishi mzee mmoja aitwaye Angolile. Lupoto iko kwenye mabega ya mlima Rungwe. Kule mvua hainyeshi, mvua inaishi, na watu ndio wapangaji wake. Mzee Angolile alikuwa na mke mmoja, Tusekile, ng'ombe wawili wa maziwa, na pikipiki nyekundu yenye umri wa kumzaa fundi wake. Msiniulize alimpenda yupi zaidi. Mtu mzima haulizi mambo hayo.

Kila asubuhi alifunga dumu la maziwa nyuma ya pikipiki, akashuka bondeni, akavuka daraja, akapanda upande wa pili hadi kituo cha maziwa. Kila asubuhi, mpaka masika ya mwaka ule. Pikipiki ikaugua. Ilizima uani, ilizima kwenye migomba, ilizima popote ilipojisikia. Mwisho ikakataa kuwaka kabisa. Wiki tatu ililala bandani, na mzee akapeleka maziwa kwa miguu, akifika yameshaanza kuchacha.

Akaitwa Lugano. Huyu ni fundi, kijana wa miaka thelathini na kidogo, hodari wa kazi, ila hajui kunong'ona. Alifungua koki ya tangi, akakinga petroli kwenye glasi, akainyanyua juu watu waone. Petroli juu, maji chini.

"Mzee, chombo chako kinakunywa mvua!"

Akafungua kabureta. Bakuli lake lilikuwa na tope la kutu. Jeti, kile kipande cha shaba chenye kitundu ambacho petroli hupitia, ilikuwa imeziba kabisa. Kuna mafundi wanaozibua jeti kwa waya. Wanatanua kitundu, pikipiki inageuka mlevi wa petroli maisha yake yote. Lugano hakuwa wa namna hiyo. Alitaka unywele mmoja mgumu wa mkia wa ng'ombe, akaenda kuung'oa mwenyewe. Ng'ombe akampiga teke la paja. Alirudi anachechemea, unywele mkononi, akazibua jeti, akasafisha tangi mara tatu, akakausha, akafunga. Siku mbili nzima alikuwa amepiga magoti. Siku ya pili jioni alipiga kiki moja tu, pikipiki ikaitika kwa sauti ambayo Lupoto ilikuwa imeisahau.

Kabla ya kuondoka akamwambia Tusekile, "Mama, maji yanaingilia kwenye mfuniko wa tangi. Msiruhusu tone."

"Tone?"

"Hata tone, mama!"

Tusekile si mtu wa kuambiwa mara mbili. Alichukua mfuko wa chumvi, ile nailoni nene, akaukunja mara mbili, akaufunika mfuniko wa tangi, akaukaza kwa mpira wa tyubu mizunguko saba. Alifanya kwa mapenzi, nalisema wazi, maana wiki tatu zile alimwona mumewe akirudi amelowa mpaka mifupa. Akaugonga kwa kidole, akatabasamu.

"Hapa hata pumzi haipiti," alisema.

Asubuhi mzee akapanda. Pikipiki ikashuka bondeni inaimba, ikavuka daraja inaimba, ikapanda upande wa pili inaimba. Ilipofika kwenye kona, mbele ya kibaraza cha Subilaga, ikakohoa mara moja, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Sasa huyu Subilaga ni nani? Ni mjane anayeuza mafuta ya kula kwa kupima hapo hapo kibarazani kwake. Tena kuna jambo. Miaka thelathini na mitano nyuma, Angolile alituma washenga kwa baba yake Subilaga, na washenga wakarudishwa. Lupoto nzima ilijua. Hata waliozaliwa baadaye walijua.

"Karibu ndani, Mzee Angolile," alisema Subilaga. "Mvua hiyo inakuja. Pata chai."

Mzee akaingia. Chai ya tangawizi, yenye maziwa, na kiazi kitamu pembeni. Chai ikaisha, akatoka, akapiga kiki. Pikipiki ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua.

Siku ya pili, ikashuka, ikavuka, ikapanda. Kwenye kona ikakohoa mara moja, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Karibu ndani. Chai ikaisha, pikipiki ikawaka.

Siku ya tatu vilevile. Wakati wa kurudi nayo ilikuwa ikizima, tena mahali pamoja kila siku, katikati ya shamba la chai. Lakini shambani hapakuwa na mjane, kwa hiyo hilo halikusimuliwa na mtu.

Nyumbani Tusekile aliuliza, "Baba Bupe, mbona siku hizi unachelewa?"

"Pikipiki inazima."

"Inazima wapi?"

"Njiani."

"Na ikizima unafanya nini?"

"Nasubiri ipoe."

Hapo ndipo mzee alipokosea, na mimi simtetei. Kunywa chai si kosa. Kosa ni kuificha, na kwenye sharubu zake siku ile palikuwa na punje ya kiazi kitamu. Tusekile aliitazama punje ile muda mrefu. Kufika Jumapili, akinamama wa kwaya walishampa habari zote, pamoja na idadi ya vikombe.

"Baba Bupe," alisema, "barabara ile ina nyumba kumi na moja. Pikipiki imechagua moja."

"Mke wangu, pikipiki haina macho."

"Haina. Aliyeipanda anayo."

Lugano akaitwa tena upesi. Akafungua kabureta mbele ya Tusekile, akaonyesha kila kitu. Boya zima, sindano yake nzima, jeti inapitisha mwanga. Akafunga, akapiga kiki, pikipiki ikaimba pale uani.

"Pikipiki hii haina ugonjwa!" alitangaza, majirani wakasikia mpaka nyumba ya pili. "Ugonjwa uko njiani!"

"Umesikia?" alisema Tusekile. "Hata fundi kasema." Kisha akateremsha sauti, na akiteremsha sauti Tusekile ndipo huwa wa kuogopwa. "Kesho ikizima pale tena, nakwenda Kyela kwa kaka zangu. Sitarudi kwa kubembelezwa."

Mzee alimpenda mke wake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameamka upande wa kulia wa mwanamke yule, na hakujua kuamka kwingine. Na kweli yake ilikuwa moja tu, ya ajabu, isiyoaminika. Pikipiki ilikuwa inazima yenyewe.

Asubuhi akapanda akiomba Mungu. Ikashuka, ikavuka, ikapanda. Kwenye kona ikakohoa mara moja, mzee akaita jina la mkewe, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Karibu nda..."

"Leo siingii!" mzee alipaza sauti, karibu alie. "Leo hata mvua ya mawe, siingii!"

Akakaa barabarani na pikipiki yake. Akaona bora aangalie kama petroli ipo. Akalegeza ule mpira, mzunguko mmoja, miwili, akainua ukingo wa nailoni. Tangi likavuta hewa. Fyuuu!

Kibarazani Subilaga alikuwa ameinamisha dumu la mafuta ya kula, anampimia mtu. Aliusikia mlio ule, akaweka dumu chini.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Huo mlio. Mimi naujua. Mzee, dumu jipya nikilitoboa tundu moja, mafuta hutoka kidogo kisha hugoma. Mpaka nitoboe tundu la pili juu, hewa iingie. Tangi lako limegoma kama dumu. Ukija ndani kunywa chai, hewa inajipenyeza polepole, nayo inawaka. Nani kalifunga hivi?"

"Mama Bupe."

Subilaga akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana ana akili.

"Basi funga kama ulivyolikuta. Ukirudi pikipiki imepona, ukasema kaiponya Subilaga, huna nyumba tena. Dawa hii lazima aione kwa macho yake."

Akajitanda kitenge, akachukua dumu dogo jipya la mafuta na msumari wake wa kutobolea, akashuka bonde kwa miguu kwenye tope, akapanda mpaka kwa Tusekile. Mzee akaja nyuma akiisukuma pikipiki, maziwa yakimchekelea dumuni.

Tusekile alikuwa mlangoni, begi limefungwa. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa migomba, kila mmoja akijifanya anatafuta kuku wake aliyepotea. Lugano naye alikuwepo, maana fundi hapitwi na jambo.

"Umenifuata mpaka kwangu?" alisema Tusekile.

"Nimekufuata, dada. Nitukane ukitaka, ila nitazame kwanza."

Akatoboa dumu tundu moja, akaliinamisha. Mafuta yakatoka kidogo, yakasita, yakakata. Akatoboa tundu la pili. Mafuta yakamiminika. Hakueleza zaidi. Akamwekea Tusekile msumari kiganjani, akakielekeza kidole kwenye ule mfuko wa chumvi.

Tusekile aliutazama msumari, akautazama mfuko, akaitazama mizunguko saba ya mkono wake mwenyewe. Angeweza kuutupa msumari migombani, akabeba begi akaenda zake, na nusu ya kijiji ingemwunga mkono. Akageuka kwa majirani.

"Mimi ndiye niliyefunga," alisema. "Msimtaje mtu mwingine. Ni mimi."

Akautoboa mfuko ubavuni, chini ya ukingo, mahali ambapo mvua haifiki. Kisha akapanda nyuma ya mumewe, dumu la maziwa mapajani. "Twende."

Ikashuka, ikavuka, ikapanda. Kwenye kona, mzee akafumba jicho moja. Haikukohoa mara moja, haikukohoa mara mbili, wala haikunyamaza. Ilikipita kibaraza cha Subilaga inaimba, na Tusekile akapiga vigelegele mpaka watu wa kituo cha maziwa wakatoka nje kuona harusi ya nani.

Jumamosi akachinjwa jogoo, na wote wakaalikwa. Jogoo ana mapaja mawili, ana mabawa mawili, lakini firigisi ni moja. Na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi, firigisi ni ya baba. Tusekile akamwekea mumewe kwenye sahani, kama ilivyo ada.

Mzee akaisukuma. "Leo siili mimi. Nyumba hii ilikuwa inavunjika na mimi nimekaa na sharubu zangu tu. Firigisi aile aliyeiponya."

"Ndaga, asante mzee," alisema Lugano, mkono tayari uko mezani. "Mngetoboa mifuko mia! Kwa jeti yenye tope pikipiki ingewaka? Chombo kilikuwa maiti, mimi nikakifufua. Hewa ilikuja baadaye. Na teke la ng'ombe nililila mimi, paja hili hapa, nani anataka kuona?"

Hakuna aliyetaka kuona.

"Ni wewe uliyesema hata tone," Tusekile alimkumbusha. "Ukafungua kabureta mara ya pili, ukasema ugonjwa uko njiani. Nusura unitoe kwangu."

"Mimi sina maneno mengi," alisema Subilaga, naye akayasema. "Kabureta ilikuwa safi, na pikipiki ilizima. Nani aligundua kwa nini? Mimi. Nami nilikuja kwa miguu kwenye mlango ambako ningeweza kumwagiwa maji ya moto. Nyumba iliyokuwa inaponywa haikuwa yangu. Ingevunjika, mimi ningepoteza nini?"



"Kweli," alisema Tusekile. "Ila msumari bila mkono ni chuma tu. Mlionyesha wote, aliyetoboa ni mimi. Na hapa mezani kila mtu amesema sifa zake. Mimi nilisema kosa langu, mbele ya majirani na kuku wao. Nyumba haikupona kwa hewa, Baba Bupe. Ilipona niliposema ni mimi."

"Lakini ni wewe uliyelifunga tangi," alisema Lugano kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Na ndiyo maana ilikuwa vigumu kusema."

Wote watatu wakamtazama mzee. Naye akaichukua firigisi kwa kijiko. Akimpa Lugano, atakuwa amelipa magoti na paja, lakini magoti hayakumrudisha mke wake. Akimpa Subilaga, atakuwa ametenda haki, na mke wake atabaki anajiuliza kama ni haki tu. Akimpa Tusekile, atakuwa amemtuza mtu kwa kufungua alichokifunga, na yule aliyepanda mlima kwenye tope ataushuka na shingo ya kuku. Tena moyoni alijua jambo ambalo hakulisema na hatalisema, kwamba chai ile ilikuwa tamu.

Kijiko kiko hewani. Mchuzi unadondoka. Sahani tatu zimesogezwa mbele, na mimi nimewafikisha hapo hapo mezani, kiti cha tano ni chenu.

Je, nani alistahili firigisi?