Moto Aliyekataa Kukaa Juu

"Hodi! Hadithi iko mlangoni!"
"Ipite ndani, tumekaa!"

Hapo kale Moto alisema kama mtu. Alikaa sakafuni, katikati ya nyumba, kati ya mafiga matatu, na kutwa aliwaita watoto.

Katika nyumba moja waliishi msichana Mwamvita, bibi yake, na mdogo wake Pazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Moto akaimba, "Pazi, Pazi, njoo ushike nyekundu!" Pazi akaenda. Mwamvita akamvuta.

Moto akaimba tena. Mwamvita akaweka kigoda njiani. Pazi akakizunguka.

Moto akaimba mara ya tatu. Pazi akashika ukingo wa chungu, kikapinduka, uji ukamwunguza mguu. Mwamvita akaumwagia maji baridi, akamwaga, akamwaga, mpaka kilio kikapungua.

"Ndivyo watoto wanavyojifunza," akasema Bibi. "Hata mimi nina kovu."

"Mama analo. Mimi ninalo. Bibi, tumejifunza nini?"

Mwamvita akamzima Moto, akaanza kukanda udongo.

"We mtoto! Mafiga hayo aliyaweka mama mkwe wangu. Hayahamishwi!"

"Leo yanahama."

"Utatuletea balaa!"

"Balaa tunalo, Bibi. Tunalichochea kila asubuhi."

Akajenga jukwaa la udongo ukutani, likamfika kifuani. Lilipokauka akapandisha mafiga, akawasha.

Moto akafoka, "Nishushe!"

"Sikushushi."

"Nishushe nicheze na Pazi!"

"Sikushushi."

"Basi nazimika! Mtakula mbichi!"

"Zimika. Ndizi mbivu hazikuhitaji."

Moto akazimika kwa hasira. Wakala ndizi. Wakala matango. Wakala mapapai.

"Mjukuu wangu," Bibi akalalamika, "tumbo hili si la popo."

Mwamvita hakushusha figa hata moja.

Lakini Moto naye hula, na chakula chake ni kuni. Siku ya tatu kisauti kikatoka chini ya majivu: "Mwamvita... hata kijiti."

"Utakula ukiwa wapi?"

Moto akajifukia zaidi majivuni.

"Nimekuuliza, wapi?"

"Huku huku juu."

Mwamvita alikuwa hajainuka bado. Bibi alikwishakimbilia kuni.

Hadithi yangu naitua hapa. Inueni jiko, wekeni chungu mbali na mkono mdogo. Mtoto si lazima aungue ndipo akue, na anayewaambia kuwa ni lazima, mbishieni, hata awe mkubwa wenu.

Na wewe unayecheka kwa sauti, chungu chako umekiacha chini. Nenda, tunakusubiri.