Nyumba Iliyomo Kidoleni

Sogeeni niwasimulie, na anayeogopa amshike mwenzake mkono.

Hapo kale, ndani ya kidole cha mtoto, palikuwa na nyumba ndogo kuliko chembe ya vumbi, nayo ilikuwa hai. Ukuta wake ulikuwa ngozi laini. Jikoni wapishi walichoma sukari wapate nguvu, na katika chumba cha katikati alikaa Bibi na kitabu kinachoeleza kila kitu cha kupika. Mlinzi wa mlango alikuwa Mize.

Zimwi likapiga hodi. Mize akachungulia, akaona meno, akanyamaza. Likapiga tena, akanyamaza. Mara ya tatu likaja limevaa kanzu ya muuza sukari, kapu kichwani.

"Karibu, baba," Mize akasema, akafungua.

Zimwi halikumtazama hata kidogo. Likaenda moja kwa moja kwa Bibi, likabandika ukurasa wake kitabuni. Wapishi, ambao hupika kilichoandikwa tu, wakaanza kupika. Mize akafunua chungu. Vizimwi vimejaa pomoni, vinamchekea kwa meno yale yale!

"Bibi, tufanyeje?"

"Vikitoka hivi, vitaingia kwa majirani wote. Tubomoe nyumba, mjukuu wangu."

"Na sisi je?"

Bibi alimshika mkono, wakaing'oa nguzo ya nyumba pamoja.

Asubuhi mtoto alijikuna kidole. Kipande cha ngozi kikadondoka na magofu ya nyumba ile, akakipuliza, akakimbilia kucheza.

Yangu yameishia hapo. Nanyi mkijikuna, jikuneni taratibu.