Kindi na Mstari wa Tope

Hapo zamani za kale, mimi sijazaliwa na nyinyi ndiyo kabisa, palikuwa na msitu wa mikuyu na mikindu kando ya mto. Kila masika mto ulifurika, maji yakatanda msituni. Yakiondoka yaliacha mstari wa tope kwenye mashina, chini tu, usiozidi goti la nyati. Tope hilo ndilo lililoilisha mikuyu, na mikuyu ikamlisha Kindi, mkewe Mama Kindi na wachanga wao watatu.

Siku moja akaja Nyati kutoka milimani, huko kukavu. Tii! Tii!

"Kesho naiangusha miti yote hii, nijenge zizi langu," akanguruma. "Nyie wa huko juu, hameni!"

"Bwana Nyati, nina wachanga!"

"Wafunge mgongoni!"

Kindi akawaka hasira. Lakini hasira ya kindi itamtisha nani? Akashuka mtoni, akachovya mkia topeni. Paka! Paka! Akapaka shina baada ya shina, juu kabisa, mpaka mkia ukafa ganzi.

"Baba watoto, mstari umepinda!" mkewe akamwambia. "Huku juu, kule chini. Maji gani hayo?"

"Yule ni wa milimani. Atajulia wapi?"

Asubuhi Nyati akaja, pembe tayari. Akasimama ghafla.

"Michirizi hii ya nini?"

"Maji hufika hapo, mzee."

"Hapo? Juu ya pembe zangu?"

"Na mwaka jana yalikuwa haba."

Nyati akalamba shina. "Mbona tope bichi?"

"Kanyaga chini. Hapo pakavu?"

Akakanyaga. Chwaa! Mguu ukazama.

"Na mbona mstari huku uko juu, kule uko chini?"

"Maji yetu... huruka."

"Huruka?!"

"Kama panzi! Tena hayapigi hodi."

Papo hapo Mama Kindi, aliyekuwa akiosha vyombo tawini, akamwaga maji ya sufuria. Mwaaa! Yote kichwani kwa Nyati.

"Yamesharuka! Mama yangu weee!"

Akatimka, tii-tii-tii, akaikwepa mikindu yote bila kugusa hata mmoja, akaparamia mlima wala hakugeuka.

Mama Kindi akachungulia. "Jamani, nimemlowesha nani?"

Kindi alikuwa ameshika tumbo, anacheka, karibu aanguke.

Nami nawaambia waziwazi, sizunguki: usitake kumhamisha mtu kwake kabla hujajua maji ya kwake hufika wapi.