Mkono wa Kushoto wa Semkiwa

Wewe uliyeegemea miguu ya sanamu, shuka. Hapo si mahali pa kuegemea, na leo kuliko siku zote. Sogeeni mnisikie vizuri, maana sitasimulia mara mbili.

Zamani za babu zetu, Wajerumani na Waingereza walipogombania nchi isiyo yao na kuwabebesha vita watu wasiojua chanzo chake, aliondoka hapa kwetu Semkiwa mwana wa Mhina, mwana wa Semboja, Kifua-Ngao, Mbeba-Mizinga, mtu aliyechukua gurudumu la mzinga begani siku tisa, na bado akapata pumzi ya kumtania mwenzake aliyelalamika kwa kubeba sufuria. Huyo ndiye baba wa baba yangu. Vita vilipokwisha kuwala wenzake, aliwakusanya arobaini waliosalia, akaacha moshi wa meko arobaini ukifuka mlimani ili adui adhani wanapika, kumbe wameshashika njia ya kwao. Hakupotea hata mmoja.

Walipofika kwenye kivuko cha mto Lukwiji waliwakuta dada zao wamejipanga, kila mmoja na kibuyu cha maji, na mbele yao Mnyamisi, dada yake Semkiwa wa tumbo moja. Mila mnaijua, ingawa wengine mnajifanya mmesahau. Atokaye vitani haingii mjini mpaka aweke silaha chini, na dada yake amnawishe mikono kwa maji yaliyotekwa mara moja tu. Akinawisha dada, vita huenda na maji. Akinawisha mwingine, vita humwingia huyo aliyenawisha, naye hana budi kuvuka mto aondoke navyo, asigeuke nyuma. Basi wakanawishwa wote, bunduki zikazama mtoni, na Semkiwa akaujenga upya mji huu akisema, "Damu haivuki maji haya."

Miaka ishirini tulilala milango wazi. Mnyamisi akafa, tukamzika. Ndipo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alipotuletea askari huyu wa shaba, sura ya Semkiwa mwenyewe, bunduki mikononi, asimamishwe katikati ya uwanja awe kumbukumbu ya waliokufa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu walimbeba mabegani wakiimba, na mzee mwenyewe akawazuia kivukoni kwa fimbo yake.

"Huyu hajanawa," alisema.

Jumbe Kilua, aliyeongoza msafara, akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee wetu. Hii ni shaba tu. Shaba haina damu."

"Marahaba. Basi mwambieni aweke bunduki chini."

Bunduki ilikuwa imeyeyushwa pamoja na vidole.

"Askari asiyeweza kuweka silaha chini hajatoka vitani," akasema Semkiwa. "Mnaviingiza vita mjini kwa nyimbo."

Wakampita. Wengine walicheka, na baba yangu alikuwa mmoja wao, Mungu amsamehe.

Sanamu iliposimamishwa, mzee alikwenda mtoni peke yake, akateka maji, akarudi nayo hapa mbele ya watu wote. Aliunawisha mkono wa kulia, taratibu, kidole kwa kidole, huku mikono yake ya uzee ikitetemeka na maji yakimwagika chini. Alipofika wa kushoto, kibuyu kilikuwa kimekauka, na mila haimruhusu mtu kuteka tena. Kisha akashika njia ya mtoni, akavuka, hakugeuka, wala hakuna aliyemwona tena.

Kabla ya mwaka kwisha, barua zikaja kuwaita vijana katika vita vya pili. Kila nyumba iliyotoa wawili ikarudishiwa mmoja. Kwetu walikwenda kaka zangu Shebughe na Mdoe, akarudi Mdoe. Mama alimpokea kivukoni, halafu akaendelea kuitazama njia, mwaka baada ya mwaka, mpaka akafa. Mpaka leo mkono wa kulia wa sanamu unang'aa bila kusuguliwa na wa kushoto ni mweusi, na mama mwenye wana wawili hapiti hapa bila kuinamisha uso.

Sasa lile lori la kuandikisha vijana jeshini mmeliona limesimama pale tangu asubuhi. Wajukuu zangu wawili wako kwenye foleni, wanachekeana. Nimewasihi, wamesema bibi ana maneno ya kizamani.

Kwa hiyo nimekwenda mtoni, nimeteka mara moja. Kibuyu ni kidogo, lakini mkono uliobaki ni mmoja, na mikono yangu bado haitetemeki. Najua mimi ni mjukuu wake, si dada yake. Nipisheni nipite. Na nikishavuka mto, msiniite.