Kilio Chini ya Kanga

Washangilia tumbo, hawamwoni mwenye tumbo.

Bi Mwanakheri aliitamka methali hiyo bila kuinua macho, na wasichana waliokuwa wakibishana juu ya rangi ya sare wakamgeukia. Walikuwa wamekusanyika sebuleni kwake kupanga shughuli ya kumpongeza mwenzao aliyekaribia kujifungua. Walikwisha kuzungumzia mapambo, keki, mshereheshaji na mpiga picha. Mjukuu wake, Ramla, ndiye aliyeuliza, "Bibi, huo ni msemo wa wapi? Mbona sijawahi kuusikia?"

"Ni wa kwetu Namtanda," bibi alijibu. "Wala haukutungwa na malenga. Ulimtoka mtu kinywani siku ambayo hakuwa na kingine cha kusema. Mkitaka kujua ulivyozaliwa, acheni kwanza hizo rangi."

Wakaziacha. Naye akawasimulia hivi.

Namtanda palikuwa na desturi iliyoitwa kifuniko. Mwanamke akishika mimba ya kwanza, na mimba hiyo ikapevuka, upande wa mume humfanyia shughuli. Mama kijacho huketishwa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, akafunikwa kanga tangu utosini hadi vidoleni. Vikundi vya wanawake huingia kimoja baada ya kingine, vikicheza na kumwekea zawadi ubavuni. Kanga ile haikufunuliwa mpaka kikundi cha mwisho kimalize kutunza, na mwenye ruhusa ya kuifunua alikuwa somo wake, yule aliyemfunda unyagoni, peke yake. Na humo ndani ilimpasa alie. Alie kwa sauti, awataje waliomlea na waliompokea, huyu kwa jina na yule kwa cheo chake. Asiyelia aliitwa mkavu wa macho, na ilisemwa kwamba mtoto wake angekuja duniani na moyo wa jiwe.

Siwema aliijua desturi hiyo tangu utoto, na alikuwa ameingoja kwa uchungu. Kaka yake, Mshamu, alimwoa Asumini wakakaa miaka mingi bila mtoto. Bombani, palipokuwa na foleni ya ndoo, wanawake walisema wanavyosema wanawake wa bombani. Bi Binuru, mkubwa wao kwa ulimi, aliwahi kumwuliza Asumini mbele ya watu kama maji anayoteka ni ya kuogeshea paka. Siku hiyo Siwema aliitupa ndoo yake chini, akamjibu Bi Binuru maneno ambayo hayasimuliki. Alimpenda wifi yake. Jambo hilo mlishike, maana bila hilo kisa hiki ni chepesi mno: tungesema tu kwamba Asumini aliuawa na wasiompenda.

Kwa hiyo mimba ilipoonekana, Siwema aliapa kuandaa kifuniko ambacho mji haujapata kukiona. Aliazima maturubai, akawaita wapiga ngoma kutoka kijiji cha jirani, akahakikisha kila kikundi kimevaa kanga za aina moja. Na kikundi cha Bi Binuru alikipanga kiingie cha mwisho, makusudi, ili watu wa bombani wakae na kuona hadi mwisho.

Asubuhi ya shughuli alimkuta Asumini ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Wifi," Asumini alisema, "kichwa hiki si cha kawaida. Na macho yananionyesha vimulimuli mchana kweupe."

"Hujala wewe. Ngoja nikuletee uji."

"Uji nimeutapika. Kule kliniki muuguzi aliniambia kichwa kikiniuma namna hii nisingoje. Mwite Mshamu anipeleke."

Siwema alimtazama. Uso wa Asumini ulikuwa umejaa, ngozi imetanuka ikang'aa. Miguu ilikuwa imekataa kuingia katika makubazi. Lakini Namtanda unene ulikuwa sifa. Wanawake waliowahi kuja kumenya vitunguu walikwisha kuchungulia chumbani na kupiga makofi: "Mimba imempenda huyu! Tazameni mashavu, kama maandazi yaliyoumuka!" Siwema alikuwa amezisikia sifa hizo na kuzipokea kana kwamba ni zake.

Akaketi kando ya wifi yake. "Asumini, mama yangu, watu wamekwisha kuvaa. Pilau iko jikoni. Ukienda hospitali leo, wale watasema nini? Watasema hata kifuniko kimekushinda. Vumilia mpaka alasiri tu. Kikundi cha mwisho kikitoka, nitakupeleka mwenyewe, hata kwa kukubeba mgongoni."

"Mgongoni? Na tumbo hili?" Asumini aliuliza, na licha ya maumivu akacheka kidogo. Siwema naye akacheka. Kisha Asumini akainua mikono ili avishwe.

Walimketisha mkekani. Somo wake, Bi Hidaya, akamfunika. Ngoma zikaanza, vikundi vikaingia, na mabeseni, vyandarua, nepi na mashuka ya kitoto yakarundikana ubavuni pake. Haukupita muda mrefu, kilio kikasikika chini ya kanga.

"Analia! Mwana wa watu analia!" wanawake walipaza sauti, na vigelegele vikapokezana kutoka ukumbini hadi jikoni.

"Wifi," sauti ilisema. "Wifi Siwema. Wifi."

Desturi ilitaka mama mkwe atajwe kwanza. Mwanamke mmoja akamsukuma Siwema kwa kiwiko. "Umetajwa kabla ya mama yako! Leo utalala na njaa katika nyumba hii!" Watu wakaangua kicheko, na mama yake Siwema mwenyewe akacheka, akitishia kumpiga kwa upawa. Siwema alilengwa na machozi. Aliingia katikati, akacheza mbele ya wifi yake kama ambavyo hakupata kucheza hata siku ya harusi yake. Sauti iliendelea kumwita. Baada ya jina lilifuata neno jingine, na ngoma zikalimeza. Maishani mwake mwote Siwema hakuweza kuapa kwamba alilisikia neno lile, wala kuapa kwamba hakulisikia.

Kisha kikundi cha Bi Binuru kikaingia na kitanda cha mtoto, kimebebwa juujuu. Hapo ndipo kanga ilipoanza kutikisika.

Ilianza mabegani. "Anacheza!" mtu alipiga kelele. "Jamani, anacheza humo humo ndani!" Shangwe iliyolipuka ilizidi zote zilizotangulia, maana lilikuwa jambo geni na watu walilipenda. Mpiga ngoma hodari humfuata mchezaji. Nao wapigaji wale walikuwa hodari. Walipoona mabega yanaruka, waliyafuata pigo kwa pigo, yakikaza nao wakikaza. Bi Binuru alikitua kitanda, akafunga kibwebwe, akacheza akimwelekea.

Wapigaji walipofika mahali pa kuvuta pumzi, ngoma zikatulia.

Mabega hayakutulia.

"Funua," Siwema alisema.

"Bado," Bi Hidaya alimjibu. "Bi Binuru hajatunza."

"Somo, nimesema funua!"

"Mwanangu, si desturi kumfunua mtu kabla ya..."

Siwema aliivuta kanga mwenyewe. Macho ya Asumini yalikuwa yamepinduka yakabaki meupe. Meno yalikuwa yameuma ulimi, na povu lililotoka mdomoni lilikuwa na damu. Upande wa nyuma, ambako watu hawakuwa wameona, kigelegele kimoja kiliendelea peke yake, kisha nacho kikakatika.

Walimpakia katika gari dogo lililowaleta wapigaji. Ngoma zilishushwa zikaachwa barabarani. Mama yake Asumini, Bi Somoe, aliyekuja kutoka kwao kwa ajili ya shughuli, alikaa nyuma akiwa amekipakata kichwa cha mwanawe. Hospitalini daktari alisema ni kifafa cha mimba, kwamba shinikizo la damu lilikuwa limepanda mno, na kwamba lazima mtoto atolewe mara moja. Akamgeukia Siwema.

"Kichwa kilianza kumwuma lini?"

"Asubuhi."

"Alisema?"

"Alisema."

"Na mkakaa naye mpaka saa hizi?"

Siwema alifungua kinywa. "Tulikuwa na wageni," alisema, na daktari akamwacha hapo hapo akaenda.

Kufikia magharibi baraza ya hospitali ilikuwa imejaa wanawake wa Namtanda, wote katika kanga zao za sare, kana kwamba shughuli ilikuwa imehamishwa tu mahali. Walikaa chini wakiwa wameegemea ukuta. Bi Binuru alikuwa miongoni mwao. Bi Somoe peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia ndani.

Mlango ulipofunguliwa, akatoka muuguzi. Siwema alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mtoto?" aliuliza.

"Mtoto yupo," muuguzi alisema. "Wa kike. Anapumua vizuri."

Nani alianza, hakuna aliyekumbuka. Huenda hofu yao ilikuwa imewajaa mno hata ikatafuta mahali pa kutokea. Kigelegele kilipigwa, kingine kikakipokea, na baraza nzima ikarindima. Siwema naye alipeleka mkono mdomoni, akapiga. Muuguzi alikuwa amesimama, midomo imeachana kidogo, akingoja wanyamaze ili amalize alichokuja kukisema.

Hakumaliza yeye. Nyuma yake alitokea Bi Somoe.

Mengi yalifuata baada ya siku hiyo. Kifuniko hakikufanywa tena Namtanda. Hakuna aliyekipiga marufuku, ila hakuna mama aliyekubali mwanawe afunikwe. Siwema alimlea yule mtoto, akampa jina la marehemu mama yake, Asumini, na watu waliomsikia akiliita jina lile uani walisema alikuwa akiita polepole, kisha akisubiri ajibiwe kabla ya kusema neno jingine lolote. Mshamu hakumlaumu dada yake hata mara moja, na huenda hilo ndilo lililokuwa gumu kupita yote. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, pale barazani, palikuwa na mama mmoja mlangoni na wanawake waliokuwa bado wakishangilia.

Bi Somoe aliwangoja. Sauti zilipokwisha, aliwatazama mmoja mmoja, na jicho lake lilipofika kwa Siwema likatua.

"Mmemaliza?" aliuliza.

Siwema alikuwa bado ameweka mkono mdomoni na hakujua aushushe vipi.

"Mwanangu alikaa katikati yenu kutwa nzima," Bi Somoe alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia kwa wageni. "Alikuita wewe kwa jina, nami nilikuwapo, nami nilipiga makofi. Sasa mlango umefunguliwa, mmeulizia kilichokuwamo ndani yake. Yeye hakuna aliyemwulizia. Basi msimwulizie tena. Washangilia tumbo, hawamwoni mwenye tumbo."