Chupa za Juu ya Kabati

Mwanamke mmoja alikuwa jikoni kwake akikoroga jamu ya mapichesi. Sisi wa huku kwenye baridi tunayajua mapichesi. Yakiiva, yanaiva yote kwa pamoja. Hayakusubiri umalize kupalilia, hayakuulizi kama una sukari ndani. Usipoyawahi, wiki ijayo ni chakula cha nguruwe. Basi mama huyu alikuwa ameyamenya, ameyatoa kokwa, ameyakatakata, ametia sukari na maji ya limau, na sufuria ilikuwa imeanza kutoa yale mapovu mazito. Jamu ikifika hapo haiachwi. Ukigeuka kufukuza kuku tu, imeshika chini.

Mara jirani yake akaingia bila hata hodi.

"Mama Ambele! Unakoroga nini wewe, na mwanao yuko stendi?"

"Mwanangu yupi?"

"Kwani una Ambele wangapi? Ameshuka sasa hivi na begi lake. Amevaa viatu vyeupe, kwenye matope haya! Amekaa pale anakunywa soda, nadhani anaona haya kuja."

Huyo Ambele alikuwa mtoto wake wa kwanza. Aliondoka kwenda kutafuta kazi machimboni, akasema, "Mama, nitarudi msimu wa mapichesi." Hakusema msimu upi. Na mnajua sisi wanawake tunaitwa kwa mtoto wa kwanza. Mtoto anaweza kwenda asiandike wala asipige simu, lakini jina lake linabaki kwako. Kisimani, Mama Ambele. Sokoni, Mama Ambele, hujambo. Huyo mama angesahau saa ngapi?

Kwa hiyo kila msimu alifanya jambo moja. Jamu ikiiva, chupa ya kwanza kabisa, ile inayochotwa katikati ya sufuria, aliijaza ikiwa ya moto, akakaza kifuniko, akaipandisha juu ya kabati. "Hiyo ni ya Ambele," alisema. "Atakayeigusa tutajuana." Chupa nyingine zilikwenda sokoni. Watu wa nyumbani walikomba sufuria.

Na kila jioni akipakua chakula alihesabu watu wake. Alihesabu bibi, alihesabu baba, alihesabu wadogo wawili wa Ambele, kisha akasema, "Mmoja hayupo," akashusha pumzi. Watoto wakazoea. Nyumba nyingine watu hushika vijiko baada ya "amina". Wale walishika vijiko baada ya mama kushusha pumzi.

Sasa kulikuwa na binti, wa pili kuzaliwa. Huyu ndiye aliyepanda mtini kuchuma, ndiye aliyeleta kuni, ndiye aliyechemsha chupa. Alikuwa na jina zuri tu, ila mle ndani alikuwa anaitwa "we". We, leta maji. We, chochea moto. Siku ile, jirani aliposema neno "stendi", mama alimrushia mwiko.

"We, koroga!"

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nirudi!"

Akatoka mbio, ndala mguu mmoja.

Alirudi naye. Sitawaeleza vilio, mnavijua. Bibi alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Baba alimshika kijana bega, akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Mama akamkalisha mwanawe kwenye kiti kizuri, akapanda kwenye stuli, akazishusha zile chupa moja moja, akazifuta vumbi kwa kanga yake.

"Mwanangu, usije ukadhani ulisahaulika. Kila msimu nilikuwekea. Hizi zote ni zako. Fungua."

Kijana akafungua ya kwanza. Ukungu, mweupe kama pamba. Akafungua ya pili. Ikafanya *tsss*, povu likapanda, harufu ikajaa chumba kizima. Akachungulia, akamwangalia mama yake.

"Mama, hii imekuwa pombe. Nikiila, wazee wa kanisa wataniita Jumapili."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alifungua zilizobaki kwa mikono yake mwenyewe, haraka haraka, na zote zilikuwa hivyo hivyo.

Nawauliza nyinyi mnaopika. Ilikuwaje? Chupa zilichemshwa. Jamu ilitiwa ikiwa ya moto. Vifuniko vilikazwa. Mama yule hakuwa mgeni wa kazi hii. Ilikuwaje ziharibike zote, hata ile ya msimu uliopita?

Jibu lilitoka jikoni.

"Si ulikuwa unazifungua, mama."

Ni yule binti, ameshika mwiko, macho mekundu kwa moshi. Na alisema kweli. Hamu ikimshika, mama alipanda kwenye stuli, akateremsha chupa, akafungua, akanusa. Kwa ile harufu alimwona tena mwanawe akiwa mdogo, amekaa chini ya mti, maji ya pichesi yamemtiririka mpaka kwenye viwiko. Kisha alifunika, akairudisha. Alidhani anaitunza. Jamu, ndugu zangu, ikishafunguliwa ni ya kuliwa. Haina kufungwa mara ya pili.

"Kumbe ulikuwa unaniona?" mama akauliza.

"Nilikuwa nakuona kila mara. Wewe ndiye hukuniona mimi."

Hapo ndipo mama alipokumbuka: alimwambia huyu mtoto akoroge mpaka arudi. Naye alikuwa amerudi zamani, lakini hakurudi jikoni. Vigelegele vimepigwa, watu wamekumbatiana, na binti hajamsalimia hata kaka yake. Alikuwa anakoroga.

Ambele akasema, "Na hiyo iliyoko jikoni?"

"Hapana, baba," mama akamjibu. "Hiyo ni ya watu wa nyumbani."

"Sasa mimi nimekuja kuwa mtu wa wapi?"

Ndugu zangu, siwaambii msiwakumbuke walio mbali. Nani anaweza? Aliye na mtoto machimboni, aliye na mume asiyejulikana alipo, aliyezika, hamu yake haitaondoka kwa mahubiri yangu. Lakini hebu tuangalie juu ya makabati yetu. Sisi tuna sahani za wageni ambazo watoto wetu hawajawahi kulia. Tuna maneno mazuri tumeyaweka, tutayasema siku ya msiba, na mwenyewe amelala hasikii. Tunampenda asiyekuwepo kwa upendo wa chupa ya kwanza, na aliyepo tunampa akombe sufuria. Halafu tunasema tumechoka. Ni kweli tumechoka. Lakini uchovu haujamzuia mtu kutaja jina la mtoto wake.

Mungu aliposhusha mana jangwani hakutaka ibaki mpaka asubuhi. Walioweka waliikuta na funza. Je, sisi tunadhani upendo wetu ni mgumu kuliko mana?

Nani anakoroga nyumbani kwako sasa hivi, wakati wewe umekaa hapa unanisikiliza? Unamjua jina?

Yule binti alirudi jikoni, akadondosha tone la jamu kwenye sahani ya baridi, akainamisha sahani. Halikutiririka. Ilikuwa imeiva, na haikuwa imeshika chini hata kidogo.

Jioni ile walikula viazi na maharage, na katikati ya meza waliweka sufuria nzima ya jamu, haikutiwa chupani. Mama alipakua, kisha akasimama na upawa mkononi kuhesabu watu wake kama kawaida. Wote wakangoja ile pumzi.

"Tusekile," alisema.

Binti aliinua kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia mwingine akiitwa.

"Ndiyo wewe. Anza kuchota."

Kisha akamtaja bibi, akamtaja mume wake, akamtaja kitinda mimba, na Ambele akamtaja mwisho.

"Tupo wote," akasema, akaketi. "Kuleni, kinapoa."