Kindi, Dubu na Kengele ya Njia Kuukuu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Ah, hamjala nyie? Paukwa!
— PAKAWA!

Pakawa na njia. Njia nyembamba ya miguu, huko milimani Japani, waliyoipita mababu kabla ya barabara ya lami. Lami ilipokuja watu wakaisahau, majani yakaimeza. Ila Kindi, mama wa watoto wachanga, aliipita kila siku, maana kando yake ndiko alikofukia kokwa za kuwalisha wanawe theluji ikianguka.

Siku moja akamkuta Dubu njiani. Anafukua, anatafuna. Kraku! Kraku!

"Mzee Dubu, hiyo ni akiba ya wanangu!"

"Njia yangu. Kilichomo changu."

"Tangu lini njia yako?"

"Tangu nilipokaa." Kraku!

Kindi akakasirika mpaka mkia ukamsimama. Hata mimi nakasirika! Lijitu zima, tumbo limefura, linakula chakula cha wachanga! Kesho yake akaja, Dubu anafukua. Keshokutwa akaja, Dubu anafukua. Theluji imeshaonekana kileleni. Kindi akalia, na alilia kwa hasira tu.

Akipekua majani apate japo kokwa moja, ngili! Akagusa kengele kuukuu, na kamba yake. Watu wa huko wakipita msituni hujifunga kengele kiunoni, dubu asikie ajitenge. Na kila dubu hufunzwa na mama yake: ukisikia ngili-ngili, ni mtu huyo, kimbia.

"Ngoja, mlafi wewe," Kindi akasema.

Mchana Dubu akashiba, akalala palepale njiani. Khorrr! Kindi akaijaza kengele majani isilie, akampanda mgongoni polepole, akaifunga kwenye manyoya kati ya mabega, asipopafikia kwa kucha. Akachomoa majani, huyo juu ya mti!

Dubu akaamka. Akapiga hatua: ngili! Akasimama: kimya. Akapiga hatua: ngili! Akasimama: kimya.

"Kindi! Kuna mtu nyuma yangu?"

"Mtu? Wako wengi, mzee! Wamekuja kuitazama njia yao!"

Dubu akatimka. Ngili-ngili-ngili! Akikaza mwendo, wanakaza. Akipunguza, wanapunguza.

"Nisameheni! Njia si yangu! Sikula kitu!"

Mwongo mkubwa! Akavuka bonde, akavuka mlima, na mpaka leo anakimbia. Na akimbie!

Kindi akashuka, akaokota kokwa na kufukia, akaokota na kufukia, bado anatukana, mpaka theluji ilipoanguka. Wanawe wakala.

Hadithi yangu imefika, imetua mzigo. Aliyesinzia asiniulize ilikuwaje.

Na funzo lake? Mkubwa akikaa kwenye njia yako, mheshimu. Akila akiba ya wanao, mwambie karibu tena. Usimjibu, usimkasirikie, usimguse hata unyoya mmoja. Hilo ndilo funzo wanalolipenda wakubwa. Atakayelifuata, alale na njaa.